Hedifoni za Kastori na Sikio Lako la Kushoto

Faraja,

Umefunga begi lako bila kunisemesha, na mimi nimekaa huku jikoni kwenye kigoda nasikiliza zipu ikienda na kurudi. Tangu siku ile barabarani hujanipa hata salamu ya kinafiki. Nakusalimu kamwene kila asubuhi, na salamu yangu inarudi mikono mitupu. Basi nimechukua karatasi, maana kwenye karatasi huwezi kunigeuzia uso.

Habari za kupika, kufua na kumheshimu mama yako mdogo pale Uyole sitakuandikia. Hayo unayajua, na usiyoyajua atakufokea yeye, ni mdogo wangu, kufoka tumerithi wote. Nina neno moja tu, ila lina mkia mrefu, kwa hiyo vumilia.

Juu ya begi lako utakuta boksi, na barua hii iko chini yake. Ndani mna hedifoni. Nilizivunja zako, nimekununulia nyingine. Hazifanani na zile, na najua utazikunjia pua. Usizitupe kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza tuliseme lile la barabarani, kwa sababu wewe una upande wako na mimi nina wangu. Ulikuwa unavuka kutoka kwenye banda la chipsi, umevaa yale madubwana yako meusi, yale uliyojisifia kwamba ukiyavaa dunia nzima inanyamaza. Mimi nilikuwa nimeinama napanga nyanya kwenye ndoo za sado. Honi ya lori nilikuwa naisikia muda mrefu. Sikujua inatokea wapi. Sikio langu moja huniambia kuna kelele, haliniambii kelele iko wapi. Nilipoinua kichwa nikakuona katikati ya lami unatikisa kichwa kwa wimbo, na wanawake wote wa nyanya wametazama upande mmoja midomo wazi. Ni nyuso zao zilizonionyesha lori.

Nilikukamata nywele. Sikupata mkono wala nguo, nilipata rasta zako, nikakuvuta kwa nguvu zangu zote, tukaangukia matenga ya Mama Egla. Tairi zilipita tukasikia upepo wake miguuni. Dereva alitutukana matusi ya nguoni, nami nikamrudishia yake yote na chenji. Halafu wewe, umekaa juu ya nyanya zilizopondeka, ukaniambia, "Mama, si umeninyofoa nywele."

Hapo ndipo akili iliponitoka. Nilikupiga. Kofi la kwanza lilitua kushoto, hedifoni zikaruka. Ningeishia hapo tungekuwa tunacheka leo. Sikuishia. Nikakupiga la pili palepale, pasipokuwa na kitu tena cha kukukinga. Nikazikanyaga zile hedifoni mpaka zikawa vipande, na watu waliponishika mikono bado nilikuwa napiga hewa. Kofi la kwanza lilipiga plastiki. La pili lilipiga sikio, na hilo la pili ndilo linalonifanya niandike.

Maana tangu siku ile nimekuwa nakuchunguza. Nikikuita kutoka upande wako wa kulia, huitiki, lakini bega lako hushtuka kidogo, najua umesikia na umenikatalia. Nikikuita kutoka kushoto, bega halishtuki. Jana umechuchumaa unaosha vyombo nikaangusha sufuria makusudi nyuma yako, kushoto. Hukugeuka. Sijui kama ni hasira au ni mimi nimekuua sikio. Nimekosa ubavu wa kukuuliza, nawe huna nia ya kuniambia. Kesho unapanda basi, na mimi nitabaki na swali hilo mpaka lini?

Unajua kwamba baba yako ndiye aliyeniulia sikio langu. Usichojua ni ilivyokuwa, ulikuwa mtoto wa kubebwa. Siku hiyo basi moja liliharibikia hapa kwetu Ilula, abiria wakashuka, wakanunua nyanya, vitunguu, hoho, nusura wanunue na meza. Nikarudi usiku nimejawa na furaha, nasimulia nacheka. Akaniuliza nilikuwa nacheka hivyo na kondakta gani. Sikupata nafasi ya kujibu. Baba yako ni mtu wa mkono wa kulia, kwa hiyo anayesimama mbele yake huumia kushoto. Nilisikia mlio mwembamba, kama wa sufuria inayoanza kuchemka, kisha kimya.

Ukutani palikuwa na mchi. Nikautwaa nikamvunja mkono uleule alionipigia. Sehemu hii wenzangu wa barabarani wanaipenda mno, wanaisimulia mpaka leo, Mama Faraja bwana, mtu hatari yule. Hata mimi nilikuwa naisimulia kwa maringo. Lakini mkono ule ulipona. Ulipona vizuri tu, akaenda nao Mgololo, akapata kazi kwenye kiwanda cha karatasi, akaoa huko. Sikio langu halikwenda popote.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Wakamtoza mbuzi, tukamla. Wakatuambia ndoa ni kuvumiliana. Watu wote wale, na mbuzi yule, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nasikia.

Majirani ndio waliouliza, na afadhali wasingeuliza. Walipasha mafuta pamoja na kitunguu saumu, wakanilaza ubavu, wakanimiminia sikioni. Nililia, wakasema tulia, dawa inafanya kazi. Wakarudia kesho yake. Nilipokuja kufika hospitali Iringa usaha ulikuwa unatoka hadi shingoni. Daktari alichungulia akaguna. Alisema kofi lilichana ngozi ya ndani, na ngozi hiyo mara nyingi huziba yenyewe ikiachwa ikavu. Mafuta ndiyo yaliyooza mle. Yaani baba yako alinipiga, lakini walionimaliza ni watu waliokuwa wananipenda. Kwa hiyo kama linauma, au linavuma, au linatoa maji, usimruhusu mtu yeyote akutie kitu, hata mama yako mdogo na chupa yake ya mafuta ya upako. Nenda kwa daktari wa masikio. Mwambie ukweli, kwamba ulipigwa na mama yako. Usimwambie ulianguka. Mimi nilisema nilianguka.

Sasa nikueleze la Kastori.

Wewe unamjua kama yule kaka muuza eafoni mwenye jicho moja, anayeburuta mguu, ambaye kila kitu kwake ni orijino. Alipopigwa ulikuwa bweni. Uliporudi likizo ukaambiwa alipigwa na wananchi wenye hasira kali. Hivyo ndivyo wanavyosema siku zote, wananchi wenye hasira kali, utadhani ni mvua ya mawe imeshuka. Barabara nzima inajua mwananchi wa kwanza alikuwa nani, ila wamekuficha kwa heshima yangu. Alikuwa mama yako.

Basi lilisimama, tukalikimbilia na ndoo zetu kama kawaida. Abiria mmoja alikuwa ametoa mkono dirishani na simu, kijana akaikwapua akatimka. "Mwizi!" Nikasikia miguu inakimbia, na nikaisikia kulia. Faraja, mimi kila kitu nakisikia kulia. Ng'ombe akilia kushoto kwangu mimi nitamtafuta kulia. Nilikuwa nalijua hilo miaka mingi, lakini kiherehere hakingoji mtu akumbuke. Nikanyoosha mkono kulia, nikapaza sauti hii unayoijua, "Huyo!"

Kulia alikuwepo Kastori, anatembea zake na ubao wake wa eafoni kifuani, nyingine kazitia masikioni. Wakamwita, simama wewe. Hakusimama. Wakamwita tena. Anasikiliza wimbo, atasimamaje? Mtu mmoja akasema, mnamwona, anajifanya hasikii, sikio la kufa halisikii dawa. Ubao wa tenga ukampata nyuma ya goti.

Alianguka, akageuka, akachomoa eafoni moja. Mtu wa kwanza kumwona ni mimi, na alikuwa ananijua, alikuwa mteja wangu wa nyanya. Akaniuliza, "Kuna nini, mama?" Aliuliza kwa adabu, kama mtu aliyekuta kundi kwenye mlango wa duka. Jiwe lilimpata jichoni kabla sijafungua mdomo.

Nami nikampiga teke. Ningeweza kuliruka hili, hakuna anayelijua, kulikuwa na miguu mingi. Nilimpiga la mbavuni na nikasikia utamu. Ndiyo, utamu. Wanaokuambia mtu akipiga hupiga kwa uchungu wanakuficha nusu. Kisha nikauona ule waya unaning'inia kwenye sikio lake, unatikisika kila anapopigwa, na ndipo akili ikanirudia. Mtu aliyetoka kukwapua simu hana nafasi ya kusikiliza muziki.

Nilimlalia. Nikapiga kelele siye, siye, nimekosea, na kwa kuwa ni mimi niliyesema huyo, hawakunielewa. Mbao mbili tatu zilitua mgongoni kwangu. Alama moja umewahi kuniuliza ni ya nini, nikakwambia niligonga mlango. Kijana wa bodaboda alikuwa ameshaleta tairi, anahangaika na mpira anyonye petroli kwenye tenki. Hapo kelele zikapasuka ng'ambo ya barabara, mwizi mwenyewe amekamatwa kwenye kalavati na simu mkononi. Watu wakatuacha, wakakimbilia huko na tairi lao. Yule wa kalavati alikufa, na jina lake silijui mpaka leo. Mimi nilibaki nimemlalia Kastori, damu yake inaniingia shingoni, na ile eafoni ilikuwa bado inaimba.

Nimewaza sana juu ya kofi la baba yako. Alilipiga jikoni, likanitoa sikio. Likatoka nje likamtoa Kastori jicho. Juzi limekukuta wewe barabarani. Nilijiona mwanamke shujaa niliyelikomesha kwa mchi, kumbe nililibeba tu, nikawa natembea nalo.

Nilipoona huniongeleshi nilikwenda kibandani kwa Kastori. Nikamwambia nataka hedifoni kama zile zilizovunjika, za kuzima dunia.

"Hizo sina," akasema, "na ningekuwa nazo nisingekuuzia. Huyu mdogo wangu Faraja anakwenda kufanya kazi gani?"

Nikamwambia, ofisi ya mbegu na mbolea, atapokea simu za wakulima wa mpunga huko Chimala na kwingine, na kusikiliza zilizorekodiwa aziandike.

"Atakaa wapi?"

"Uyole. Atapanda bajaji mpaka Mbeya mjini, kisha mwendo wa miguu kando ya barabara ya malori."

"Basi hiyo ni mizigo miwili, mama, na wewe unataka kuitwisha punda mmoja wa gharama. Chukua mbili za bei ya chini."

Nikamwambia aache biashara, anataka kuniuzia mara mbili. Akacheka na jicho lake moja. Ndipo akanieleza, na ninakueleza alivyonieleza, maana yeye anazivaa siku nzima na mimi najua nyanya tu. Ya ofisini iwe ya kufunika sikio, lakini nyepesi, yenye mito laini, maana itakaa kichwani toka asubuhi. Alinivika moja, akaniambia nikae nayo muda wa kupika ugali. Hata muda wa maji kuchemka haukufika, utosi ukaanza kuuma, nikaivua. Ya pili ikanibana masikio. Ya tatu niliisahau kichwani, nikataka kuondoka nayo, akasema basi hiyo ndiyo yako. Ina waya. Usinune. Waya hauhitaji kuchajiwa, na umeme ukikatika katikati ya simu ya mkulima hutabaki unaangaliana na ukuta. Alinikunjia waya pale unapoingia kwenye pini, akaukunja tena na tena huku wimbo unaendelea, akasema za bei ndogo huwa zinafia hapo, usiwe unazivuta kwa waya. Tena nilipotaka kuzijaribu kwa kwaya akanikataza. Akaniwekea mtu anazungumza. Alisema ngoma nzito inaficha ubovu, na wewe hulipwi kusikiliza ngoma, unalipwa kumsikia mzee aliyesimama shambani kwenye upepo.

Ya barabarani ndiyo ile ndogo kwenye kifuko, ya sikio moja. Haizibi, inakaa mlangoni tu. Nilimuuliza kwa nini moja. Alinitazama tu, nami nikatazama ubao wake.

Kisha akaniuliza taratibu, "Ulimpiga upande gani?"

"Nani amekwambia nimempiga?"

"Mama. Ilula nzima."

"Kushoto."

Akazichukua zile hedifoni za ofisini, akanionyesha herufi zilizochongwa ndani, L ya kushoto, R ya kulia. Akasema mteja akija kumlalamikia kwamba upande mmoja hausikiki vizuri, habishani naye. Anamwambia avae sawasawa, sauti iwe ndogo, asikilize mtu anayezungumza. Kisha ageuze, L ije kulia, R iende kushoto. Kama ule unyonge umehama pamoja na hedifoni, kibovu ni hedifoni, na atampa nyingine. Kama unyonge umebaki upande uleule, kibovu si hedifoni.

"Na mteja wa namna hiyo unamwambiaje?" nikauliza.

"Namwambia aende hospitali leo, asingoje kesho. Na asitie mafuta."

Nilitaka kulia pale kibandani, nikajizuia, maana ningelia angeniletea kiti na watu wangekuja. Badala yake nikamuuliza swali la kijinga. Nikamuuliza kama huwa ananikumbuka vile nilivyosema huyo. Akasema, "Mama, jicho lililokuona siku ile halipo. Hili lingine lina kazi." Akanifungia boksi. Hakunipunguzia hata senti, nami nilishukuru kwa hilo kuliko ambavyo ningeshukuru kupewa bure.

Sikuombi uache muziki. Ningekuwa na masikio mawili na mama kama mimi, nami ningeyaziba. Najua ulivyoanza. Ulianza ukiwa mdogo, kila nilipokuwa nagombana na mtu hapa nyumbani, na nilikuwa nagombana na kila mtu, wewe ulikuwa unachukua eafoni za redio yangu unajifunika khanga. Nilikuwa nakuona. Nilikuwa naona afadhali, mtoto hasikii. Sikujua nakufundisha kwamba ukitaka amani lazima uwe kiziwi.

Na huko Mbeya akitokea mtu akakuinulia mkono, awe mchumba au awe bosi, usitafute mchi. Mchi ni mtamu, nakuambia mimi niliyeushika. Chukua begi lako utoke. Na ukijiona wewe ndiye unayeinua, weka mkono mfukoni, hata kama unadhani umeokoa uhai wa mtu dakika hiyo hiyo. Mimi nilikuokoa, halafu nikakupiga. Ningeweza kukuokoa tu.

Ukishasoma, vaa hizo hedifoni. Fanya alivyosema Kastori, kwanza sawasawa, kisha geuza. Jibu utakuwa nalo wewe. Likiwa baya, mambo ya Mbeya na ofisi yangoje, kesho tutashukia Iringa wote wawili kwa daktari, nami nitasema mwenyewe nilichofanya. Likiwa zuri na bado hutaki kuniongelesha, hiyo ni haki yako, sitakudai.

Ila mimi nahitaji kujua kabla basi halijaondoka, na sina njia nyingine. Kwa hiyo asubuhi, ukiwa unangoja na begi lako, nitakuja kwa nyuma, kushoto kwako. Nitakuita kwa sauti ndogo, ile ya kuomba chumvi, mara moja tu. Sitakugusa.

Si lazima uitike. Si lazima unisamehe. Geuka tu.

Mama yako